Kishikwambi tunacho, je, kisomeo?

Neno kishikwambi limekwisha kushika mizizi. Watanzania walilizoea zaidi mwaka wa 2022 makarani wa sensa walipopita nyumba kwa nyumba na vifaa hivyo mkononi. Sisi Wakenya, ambao aghalabu husema tu tabuleti, tunalielewa pia. Lakini kishikwambi kina ndugu ambaye hajapewa jina: kile kifaa chembamba, chenye maandishi meusi kwenye kioo cheupe, kilichoundwa kwa kazi moja tu ya kusoma vitabu. Wengi hukiita Kindle, hata kikiwa cha Kobo. Mimi nitakiita kisomeo. Ikiwa chezea imetupa kichezeo, mbona somea isitupe kisomeo? Mwenye neno bora na alilete.

Suala hili si la istilahi pekee. Kifaa kisicho na jina hudhaniwa kuwa kishikwambi duni. Mzazi akifika dukani huuliza: ya nini kununua kitu kisichopiga picha wala kuonyesha video? Kumbe vifaa hivi vinatofautiana tangu ndani.

Kioo cha kishikwambi hutoa mwanga na kuuelekeza machoni. Visomeo vingi hutumia wino wa kielektroniki wa E Ink, kampuni iliyoanzishwa mwaka wa 1997 na watu waliotoka chuo cha MIT, Marekani. Ndani ya kioo mna vifuko vidogo mno vyenye chembe nyeupe na nyeusi, kila rangi na chaji yake. Umeme huzivuta juu zile zinazohitajika na herufi ikajichora. Zikishatulia, hazihitaji umeme tena hadi ufungue ukurasa mwingine. Ndiyo maana kisomeo hukaa wiki kadhaa bila kuchajiwa, ilhali kishikwambi huishiwa baada ya saa 10 hivi za matumizi. Kwa mwalimu anayepeleka simu yake sokoni kuchajiwa, hilo si jambo dogo. Tena juani kisomeo husomeka kama karatasi; kishikwambi hukuonyesha uso wako mwenyewe.

Hata hivyo, kwangu mimi mwalimu wa fasihi, hoja kuu ni umakini. Uchanganuzi mmoja uliochapishwa mwaka wa 2018, uliojumlisha tafiti 54 na wasomaji zaidi ya 170,000, ulionyesha kuwa waliosoma karatasini walielewa zaidi kuliko waliosoma kwenye skrini, hasa muda ulipokuwa mfupi. Haukulenga kushindanisha vifaa hivi viwili. Lakini yeyote aliyejaribu kusoma riwaya kwenye kishikwambi anajua kasheshe yake: ukurasa wa tatu, WhatsApp imelia, wa tano, uko kwenye mpira. Kisomeo hakina pa kukupeleka.

Sisemi kishikwambi hakifai, la hasha! Mwanafunzi wa uzamili anayesoma makala za PDF zenye majedwali, au kitabu kikuukuu kilichopigwa picha, akitumia kisomeo cha inchi sita ataona herufi kama sisimizi. Na serikali ilipoanza kupeleka tabuleti katika shule za msingi mwaka wa 2016, ilichagua aina sawa ya kifaa. Mtoto wa darasa la kwanza anahitaji rangi, sauti na nyimbo.

Linalonikera ni jingine. Riwaya nyingi za Kiswahili hazipatikani katika maduka ya vitabu vya visomeo. Mtoto akinunuliwa kifaa hiki atasoma sana, naam, ila kwa Kiingereza. Atakua akijua kwamba Kiswahili ni cha mtihani na Kiingereza ndicho cha kustarehe nacho kitandani.

Basi kabla hujatoa pesa zako, wapigie simu wachapishaji wa vitabu unavyotaka uwaulize kama wanaviuza katika muundo wa EPUB. Faili hizo husomeka kwenye visomeo vingi. Hata Kindle, iliyokuwa ikizikataa, inazipokea kwa baruapepe tangu 2022. Wakikujibu kwamba hawana, waulize ni lini watakuwa navyo.