Makosa ya Kupakia Vidahizo kwa Jumla katika Hifadhidata

Kamusi zilizoandikwa zamani juu ya vikaratasi, siku hizi huhifadhiwa katika hifadhidata ya kompyuta. Vidahizo vikiwa maelfu, haviingizwi kimoja kimoja, bali hupakiwa vyote pamoja kutoka katika faili. Hapo kosa dogo laweza kuizuia shehena nzima. Mathalan, programu ya PostgreSQL, kwa desturi ya amri yake ya COPY, hukoma penye kosa la kwanza, wala haibakizi hata mstari mmoja. Jambo hili huudhi, lakini lina hekima: afadhali kamusi isiyoingia kuliko iliyoingia nusu bila ya mwenyewe kujua.

Kosa la kwanza ni la herufi. Neno ng'ombe lina ritifaa, na programu nyingi za kuandikia huigeuza ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda. Faili ikihifadhiwa kwa msimbo wa Windows-1252, alama hiyo iliyopinda huwa baiti ya namba 146, ambayo katika msimbo wa UTF-8 haiwezi kusimama peke yake. Kwa hiyo hukataliwa. Dawa ni kuutaja msimbo halisi wa faili wakati wa kupakia. Hata hivyo, ritifaa hizo ni herufi mbili mbalimbali: mwenye kutafuta kwa moja hatalipata neno lililoandikwa kwa nyingine. Yapasa kuchagua moja na kuzisawazisha zote.

Kosa la pili ni la mkato. Ikiwa mkato ndio unaotenga safu, maelezo ya maana yenye mikato huzalisha safu za ziada. Basi maelezo hayo na yafungwe kwa alama za usemi. Alama ya kufunga ikisahauliwa, programu huimeza mistari inayofuata, na namba ya mstari inayotajwa katika onyo huweza kuwa mbali na chanzo. Msahihishaji atazame nyuma ya hapo.

Kosa la tatu latokana na lugha yenyewe. Aliyeweka sharti kwamba kidahizo kisijirudie atazuiwa na neno paa, ambalo ni sehemu ya nyumba, ni mnyama, tena ni kitenzi. Hapa data haina kosa. Kosa ni la sharti. Kila homonimu ipewe namba yake, na upekee uwe wa neno pamoja na namba.

Makosa mawili ya kwanza husahihishwa katika faili. La tatu hugunduliwa kwa kupakia kwanza katika jedwali la muda lisilo na masharti, kuyachunguza yaliyomo, ndipo kuyahamisha. Tangu toleo la 17, la mwaka 2024, PostgreSQL yaweza kuamriwa kuiruka mistari ambayo thamani zake hazilingani na aina ya safu. Ruhusa hiyo haiyaponyi makosa tuliyoyataja. Tena kwa mwanakamusi, mstari uliorukwa ni neno lililopotea. Kwa hiyo hapana budi kuhesabu vidahizo kabla na baada ya kupakia.