Fundi Akihama, Siri ni ya Nani?

Katika mikutano yetu ya amani huku Butembo na Beni tunazungumza sana juu ya mashamba, mipaka na silaha. Lakini kuna ugomvi mwingine unaofika kila mara mlangoni kwa shefu wa kata, nao hatuuzungumzii vya kutosha. Ni ugomvi juu ya fundi. Mtu amefanya kazi kwa tajiri mmoja, amejua mambo yake, kisha anahamia kwa mshindani wa tajiri huyo. Tajiri wa kwanza analalamika: «Ameniibia siri!» Fundi anajibu: «Nimekuja na mikono yangu tu.» Nani ana haki?

Mfano wa matajiri wakubwa

Tusifikiri kwamba ugomvi huu ni wa watu wadogo tu. Huko Marekani, kampuni mbili kubwa zinazotengenezea jeshi vifaa, Boeing na Lockheed Martin, ziligombana kwa namna hiyo hiyo kwa miaka mingi.

Katika miaka ya 1990, Jeshi la Anga la Marekani lilitafuta roketi mpya za kupeleka satelaiti zake angani. Kampuni hizo mbili zilishindana. Mwanzoni mwa 1997, mhandisi mmoja wa Lockheed Martin aliajiriwa na kampuni ya McDonnell Douglas, ambayo mwaka huo huo ilinunuliwa na Boeing. Oktoba 1998 jeshi liligawa kazi: Boeing ilipata safari 19 kati ya 28, na Lockheed Martin ikapata 9.

Mwaka 1999 karatasi za Lockheed Martin zilionekana ndani ya ofisi za Boeing. Boeing ilimfukuza mhandisi yule pamoja na mwenzake, ikawaambia washindani wake kwamba karatasi ni chache. Baadaye nyingine zikatokea, na nyingine tena, mpaka zikafika maelfu ya kurasa.

Mwaka 2003 Lockheed Martin ilikwenda mahakamani. Julai mwaka huo jeshi liliinyang'anya Boeing safari 7 za roketi, zenye thamani ya karibu dola bilioni moja, na kuzifungia idara zake tatu zisipate kazi mpya. Adhabu hiyo ya kufungiwa iliondolewa Machi 2005. Mwaka 2006 Boeing ilikubali kulipa serikali ya Marekani dola milioni 615 kwa ajili ya jambo hili na jambo jingine la kumwajiri mkubwa wa Jeshi la Anga.

Ugomvi uliishaje? Washindani hao wawili waliungana. Mei 2005 walitangaza kwamba wataunda kampuni moja ya pamoja ya kurusha roketi, na kesi ikaachwa. Kampuni hiyo, United Launch Alliance, ilianza kazi Desemba 2006. Tukumbuke kwamba ufundi wa mhandisi kuhama haukuwa kosa. Kilichogharimu ni karatasi zilizohama pamoja naye, na kwamba ukweli ulitolewa kidogo kidogo. Kama kila kitu kingewekwa mezani mwaka 1999, pengine hasara ingekuwa ndogo.

Siri ni nini, na ufundi ni nini?

Tutenganishe mambo mawili. Ufundi ni ule ulio kichwani na mikononi: kuranda mbao, kuchomelea chuma, kuchacha kakao, kupima mafuta kwa jicho. Huo ni mali ya fundi. Hakuna tajiri anayeweza kumwambia aache mikono yake getini.

Siri ya kazi ni ile ambayo tajiri ameilinda ili wengine wasiijue: daftari la vipimo, orodha ya wanunuzi na bei zao, michoro ya mashine. Hiyo ni mali ya tajiri, hata kama ni fundi aliyeiandika kwa mkono wake.

Sheria ya nchi yetu inasemaje?

Sheria ya Kazi ya Kongo ya mwaka 2002 inasema kwamba mfanyakazi anapaswa kutunza siri za utengenezaji na za biashara za mwajiri wake, wakati wa kazi na hata baada ya kuondoka. Lakini sheria hiyo hiyo inamlinda. Kwa kawaida, neno katika mkataba linalomkataza kufanya kazi kama hiyo mahali pengine halina nguvu.

Linapata nguvu tu kama fundi amefukuzwa kwa kosa kubwa, au ameondoka mwenyewe bila mwajiri kuwa na kosa kubwa. Hata hapo, ni lazima awe anajua siri zinazoweza kumdhuru sana mwajiri, katazo lihusu kazi ile ile aliyokuwa akifanya, na lisizidi mwaka mmoja. Kumkata mfanyakazi mshahara kinyume cha sheria huhesabiwa kuwa kosa kubwa la mwajiri.

Kabla ya mahakama, ugomvi wa kazi hupitia kwanza kwa Inspekteri wa Kazi ili awapatanishe. Na ndugu zetu waliokimbia vita wana haki ya kutafuta kazi kama wengine. Kanuni Elekezi za Umoja wa Mataifa za mwaka 1998 juu ya wakimbizi wa ndani zinasema hivyo wazi.

Sabuni na daftari

Nitoe mfano niliouona mwenyewe. Baba mmoja aliyekimbia mauaji upande wa Beni alipata kazi Butembo kwa mtengenezaji wa sabuni ya mawese. Alikuwa hodari. Baada ya muda alihamia kwa mshindani, mtaa wa pili. Tajiri wa kwanza alidai kwamba daftari la vipimo limeibiwa.

Kufikia hapo ni ugomvi wa kazi. Lakini siku ya tatu maneno yaligeuka. Watu walianza kunong'ona: «Huyu ametoka porini. Kwa nini anabeba siri za watu? Nani amemtuma?» Ndugu, sisi tunajua neno hilo linafika wapi. Tangu mauaji yalipoanza Oktoba 2014 katika eneo la Beni, mtu akiitwa mshirika wa waasi anaweza kuuawa na kundi la watu kabla ya kuulizwa swali hata moja. Na tangu hali ya kuzingirwa ilipotangazwa Mei 2021, kesi za jinai zilipelekwa mbele ya mahakama ya kijeshi. Daftari la sabuni lingeweza kumpeleka huko.

Shefu wa kata alifanya jambo la busara. Alisema: «Hapa kuna mambo mawili. La daftari tutalisikiliza leo. La porini, mwenye ushahidi aje mbele yangu alitamke kwa jina lake.» Hakuna aliyekuja.

Ndipo baba yule alipokubali kwamba daftari alikuwa nalo. Alilichukua kama rehani, kwa sababu hakulipwa mishahara ya miezi miwili. Mbele ya wazee, daftari lilirudishwa, mishahara ikalipwa kwa awamu mbili, na tajiri wa pili akathibitisha kwamba hakunakili kitu. Fundi alibaki kwenye kazi yake mpya.

Tufanye nini?

Fundi: unapoondoka, rudisha kila kitu mbele ya shahidi, na uombe karatasi ya kuthibitisha. Kama unadai mshahara, usichukue rehani. Nenda kwa Inspekteri wa Kazi.

Mwajiri: lipa kwa wakati, na useme tangu mwanzo ni nini unachohesabu kuwa siri. Ukimwajiri fundi wa mwenzako, mwambie: njoo na ufundi, acha madaftari.

Kiongozi: uliza kwanza, «Ni kitu gani hasa kimechukuliwa?» Usikubali ugomvi wa kazi uvalishwe nguo za vita.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Katika kambi au kata yetu, ni ufundi gani tulikuja nao, na ni upi tulifundishwa hapa?
2. Je, kuna mtu aliyesingiziwa ushirika na waasi kwa sababu ya ugomvi wa mali au kazi? Tungemlindaje?
3. Nani kati yetu anaweza kumsindikiza fundi kwa Inspekteri wa Kazi?