GARI LA ZAMANI LINAKUNYWA MAFUTA? SOMA HAPA KABLA HUJALIUZA



Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA wakitangaza bei kikomo, sisi wenye magari ya zamani tunaanza kupiga hesabu upya. Mwaka 2022 petroli ilipovuka shilingi 3,000 kwa lita pale Dar, ndo kabisa. Na kuagiza gari jipya siyo kazi ndogo, manake hata hii Corolla 110, Carina au Noah ya zamani mtu kaipata kwa jasho.

Sasa kabla hujaliuza kwa bei ya kutupa, jua kitu kimoja. Mara nyingi linalokula mafuta siyo gari lenyewe, ni vitu vichache vilivyochoka humo ndani, au vilivyong'olewa na fundi ukiwa umekaa kwenye benchi unasubiri. Tuvipitie.

1. PIMA KWANZA, ACHA KUKISIA

Ukinunua mafuta ya elfu kumi leo na elfu kumi kesho, huwezi kujua gari linakula kiasi gani. Geji ya kwenye dashibodi nayo siyo kipimo.

Fanya hivi: jaza tenki mpaka pampu ijikate yenyewe, andika kilomita. Tembea kama kawaida yako. Likifika chini ya nusu, rudi sheli ile ile, pampu ile ile, jaza tena mpaka ijikate. Gawanya kilomita ulizotembea kwa lita ulizojaza. Mfano umetembea kilomita 342 na zimeingia lita 38, maana yake unapata kilomita 9 kwa lita. Rudia mara tatu, chukua wastani.

Kwa nini tunahangaika na hili? Tuseme unatembea kilomita 1,200 kwa mwezi. Kwa kilomita 9 kwa lita unachoma lita 133. Ukifikisha 11 unachoma lita 109. Hizo ni lita 24, na kwa bei ya shilingi 3,000 ni kama 72,000 kila mwezi. Kwa nyumba nyingi hiyo ni bili ya umeme na maji, na chenji inabaki.

2. THEMOSTATI: KITU KIDOGO, HASARA KUBWA

Hapa ndipo wengi tunapigwa. Gari linachemsha, unalipeleka gereji, fundi anakwambia, "Bosi, hii themostati ni ya nchi za baridi, huku kwetu haina kazi." Anaing'oa, anafunga, gari linaacha kuchemsha, unamshukuru na soda juu.

Ukweli ni kwamba themostati ina kazi hata Dar kwenye joto. Inazuia maji yasizunguke kwenda kwenye rejeta mpaka injini ipate moto wa kazi, kwa Toyota nyingi ni kwenye nyuzijoto 80 na kitu. Ukiitoa, maji yanazunguka muda wote na injini inachelewa kupata moto. Ukiwa njia kuu upepo unapiga rejeta, na injini inaweza isifike kabisa pale inapotakiwa. Wenzetu wa Njombe, Mbeya na Makete ndo wanaumia zaidi, baridi ya asubuhi mnaijua wenyewe.

Kwenye gari la EFI kuna sensa inayosoma joto la maji na kupeleka taarifa kwenye kompyuta ya gari. Kompyuta ikiambiwa injini bado ya baridi, inaongeza petroli, kama zamani tulivyokuwa tunavuta choki asubuhi. Kwa hiyo ukitembea bila themostati ni kama unatembea na choki imevutwa nusu. Petroli inaisha, plagi zinakuwa nyeusi, na injini inalika haraka.

Na ule ugonjwa wa kuchemsha bado upo pale pale. Inawezekana rejeta imeziba kwa kutu baada ya miaka ya kujaziwa maji ya bomba, au feni haiwaki, au mfuniko wa rejeta umechoka. Mwambie fundi atibu hivyo, arudishe themostati ya nyuzi zile zile za kiwandani, na aweke kulenti badala ya maji matupu.

3. TAA YA INJINI SIYO PAMBO

Wapo wanaobandika gundi ya karatasi juu ya ile taa ili isiwasumbue macho. Taa hiyo ikiwaka, mara nyingi ni sensa imeleta shida, na mojawapo ni ile ya oksijeni inayokaa kwenye bomba la moshi. Kazi yake ni kuiambia kompyuta kama mchanganyiko una petroli nyingi au kidogo. Ikifa, kompyuta inabaki inakisia, na kawaida inakisia kwa kuzidisha. Wamarekani wanasema kurekebisha ubovu mkubwa wa aina hii kunaweza kuboresha ulaji wa mafuta hadi asilimia 40.

Toyota nyingi za miaka ya 90 hazihitaji hata mashine ya kupimia. Chini ya boneti kuna kiboksi kimeandikwa DIAGNOSIS. Fundi anayejua anaunganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, anafungua swichi bila kuwasha injini, na taa inakonyeza namba ya kosa. Ikikonyeza 21 ni sensa ya oksijeni, 22 ni sensa ya joto la maji. Fundi akianza kubadilisha vitu kimoja kimoja "tuone kama ni hiki", mwambie asome namba kwanza. Pesa ni yako.

4. PLAGI, FILTA NA OILI

Plagi iliyochoka inaacha petroli itoke bila kuungua vizuri. Weka namba iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, siyo ile fundi aliyonayo mfukoni.

Filta ya hewa ina hadithi yake. Kwenye gari la kabureta filta chafu inaongeza ulaji wa mafuta. Kwenye EFI inapunguza zaidi nguvu kuliko mafuta, manake kompyuta inapima hewa na kupunguza petroli yenyewe. Ibadilishe kwa ajili ya kulinda injini, lakini usitegemee muujiza sheli.

Oili nzito kuliko inayotakiwa nayo inaifanya injini ihangaike. Fuata kitabu.

5. MATAIRI NA BREKI

Upepo ukipungua, gari linavutwa nyuma. Kipimo sahihi kiko kwenye karatasi iliyobandikwa upande wa mlango wa dereva. Pima asubuhi tairi zikiwa za baridi, walau mara mbili kwa mwezi.

Breki nayo inaweza kung'ang'ania. Ukitoka safari, sogeza mkono karibu na kila rimu bila kuigusa. Moja ikiwa ya moto kuliko mwenzake wa upande wa pili, hapo kuna breki haiachii. Hilo siyo suala la mafuta tu, ni la usalama.

6. MGUU WAKO NA GIA

Kwenye otomatiki nyingi za Kijapani kuna kitufe cha O/D. Taa ya O/D OFF ikiwaka kwenye dashibodi, umezima gia ya juu, na injini inapiga kelele bure. Safari ya kawaida, hakikisha taa hiyo imezimika.

Kubwa kuliko yote ni hii tabia ya kuweka nyutro mteremkoni "ili kubana mafuta". Kwenye EFI ni kinyume chake! Ukiacha gia ndani na kuondoa mguu kwenye mafuta, kompyuta inakata petroli, magurudumu ndo yanaizungusha injini. Ukiweka nyutro, injini inabidi inywe petroli ili isizimike, na wakati huo huo breki zinabeba gari zima peke yake. Mtu anayeshuka Kitonga kwa nyutro habani mafuta, anacheza na roho za watu.

Mwendo nao unakula. Ukitoka 80 kwenda 110, upepo unakusukuma karibu mara mbili. Na kama keria ya juu haina mzigo, ishushe.

7. SUMAKU NA VIDONGE, ACHANA NAVYO

Kuna jamaa wanauza sumaku za kufunga kwenye bomba la mafuta na vidonge vya kutia kwenye tenki. Mamlaka ya mazingira ya Marekani, EPA, imekagua vifaa zaidi ya 100 vya namna hiyo na haijapata hata kimoja kinachopunguza mafuta kwa kiasi cha maana. Hiyo hela nunua themostati.

Kwa hiyo mpango ni huu: wiki hii jaza upepo na uanze kupima. Mwisho wa mwezi ukipata hela, themostati na plagi. Baadaye sensa, kama namba imesema hivyo. Na kila ukibadilisha kitu, pima tena, ujue kama kweli kimesaidia au umeliwa.

Haya wadau, nani anatembelea gari la zamani na anapata kilomita ngapi kwa lita? Tupeane uzoefu hapo chini.