Siku nne za kimya mjini Wuhan

Septemba ya mwaka 2024 kulikuwa na mama mmoja wa mtaa wa Buru Buru, Nairobi, ambaye hakupata usingizi kwa siku nne. Mwanawe wa pili alikuwa amepanda ndege kwenda China kwa masomo. Aliagwa vizuri, akaombewa, akatuma ujumbe mmoja akiwa tayari ameketi ndani ya ndege, kisha akanyamaza kana kwamba amemezwa na ardhi. Mpenzi msomaji, mama huyo ndiye aliyenizaa.

Hofu yake haikuwa ya bure. Kwake yeye Wuhan halikuwa jina la mji bali la ugonjwa. Ndiko Covid-19 ilikogunduliwa mwishoni mwa mwaka 2019, na ndio mji uliofungwa kuanzia Januari 23 hadi Aprili 8, 2020, siku 76, wanafunzi Wakenya wakiwa miongoni mwa waliofungiwa humo. Nilipopata udhamini wa serikali ya China, majirani walishangilia, mama naye akashangilia, lakini aliniuliza mara tatu, "Mwanangu, hakuna mji mwingine?"

Kimya chenyewe kilisababishwa na jambo dogo. WhatsApp, ambayo ndiyo nyumba ya ukoo wetu mzima, imefungwa nchini China. Facebook pia imefungwa, Google nayo vivyo hivyo, na barua za Gmail hazisomeki. Nilikuwa nimeambiwa haya kabla ya kuondoka, nikadhani wanaoyasema wanatia chumvi. Nilipotua Guangzhou, simu yangu ikawa saa ya kutazamia wakati tu, tena wakati wenyewe ulikuwa wa Nairobi, saa tano nyuma.

Kutoka Guangzhou nilipanda treni. Ni mwendo wa takriban kilomita 1,000 na huchukua kama saa nne. Ile ya kwetu ya SGR huchukua kama saa tano kutoka Nairobi hadi Mombasa, na safari hiyo haifiki hata nusu ya kilomita hizo. Nilitamani kumwambia mtu. Aliyekaa kando yangu alikuwa mzee mwenye chupa ya maji moto, akinitabasamia kila baada ya muda, nami nikimtabasamia.

Wuhan kwa kweli ni miji mitatu iliyounganishwa: Wuchang, Hankou na Hanyang. Mto Yangtze unapita katikati, na daraja la kwanza la kuuvuka lilifunguliwa mwaka 1957. Hesabu ya watu ya mwaka 2020 ilipata zaidi ya watu milioni 12. Katika mamilioni hayo sikumjua hata mmoja.

Asubuhi ya pili nilitoka bwenini kutafuta chakula. Watu wa Wuhan hula kiamshakinywa barabarani, wengine wakitembea, na chakula chao mashuhuri ni tambi kavu za moto zinazochanganywa na simsim iliyosagwa. Harufu yake ilinivuta hadi kwenye kibanda. Nikauliza bei kwa mikono. Muuzaji akakunja vidole vitatu vya kati, akanyosha kidole gumba na kidole cha mwisho, kama sisi tunavyomwambia mtu "nipigie simu". Nikamwonyesha simu yangu na kutikisa kichwa, kumaanisha haifanyi kazi. Foleni nzima ikacheka. Baadaye nilikuja kujua kwamba ishara hiyo ni ya sita. Tambi zilikuwa za yuan sita!

Hata ningejua, nilikuwa na noti ya yuan 100 naye hakuwa na chenji. Huko watu hulipa kwa simu, wakielekeza kamera kwenye kibandiko chenye vijidoa vyeusi na vyeupe, hata kwa fungu la mboga. Mgeni anaweza tangu mwaka 2023 kuunganisha kadi ya benki ya nje na Alipay au WeChat. Mimi kadi sikuwa nayo, M-Pesa yangu haikujulikana na yeyote, basi nikarudi chumbani kula biskuti nilizofungiwa na dada yangu.

Siku ya nne nilikuwa nimesimama kwenye ujia wa bweni, simu mkononi. Nikasema kwa sauti, "Ala! Hii simu imekufa kabisa."

"Haijakufa, kaka," sauti ikajibu nyuma yangu. "Ndiyo China hiyo."

Alikuwa Mtanzania, kijana wa Mbeya, mwaka wake wa tatu katika udaktari. Hakuniuliza jina. Alinipa simu yake yenye laini ya huko na kusema, "Ongea na mama kwanza, mengine baadaye."

Mama alipoitikia nilisema, "Mama, ni mimi." Akakaa kimya. Nikamsikia akimwambia baba, "Ni yeye." Kisha akaniuliza kama nimekula. Nikasema nimekula.

Uongo huo niliendelea nao kwa majuma kadhaa, na wazazi wanaojiandaa kumpeleka mtoto wajue unavyozaliwa. Udhamini wangu haukulipa nauli; ndugu na majirani ndio waliochanga. Posho ya shahada ya kwanza ni yuan 2,500 kwa mwezi, si haba, lakini huingia katika akaunti ya benki. Benki ilitaka pasipoti. Pasipoti yangu ilikuwa polisi, kwa kuwa mwanafunzi wa muda mrefu sharti aombe kibali cha ukaazi katika siku 30 za kwanza. Nilibaki na stakabadhi tu, ambayo karani wa benki aliigeuza pande zote mbili akanirudishia. Nilizoishi nazo ni pesa za mkononi, na hazikutosha. Yule wa Mbeya alinikopesha yuan 400 bila kuandikiana.

Mama naye alihangaikia WeChat. Alipojaribu kujiandikisha, akaambiwa apate mtu mwenye akaunti ya zamani amthibitishe. Mtaani hakukuwa na mtu kama huyo. Hatimaye kaka yangu alimpeleka Kamukunji kwa mfanyabiashara anayeagiza vyombo kutoka Guangzhou, akamthibitisha papo hapo dukani.

Masomo ya lugha, ambayo huchukua mwaka mzima kabla ya shahada, yana mikasa yake. Sisi tunajua kwamba barabara ya kupitia na kufanya jambo barabara hutofautishwa na mkazo wa sauti. Kichina ni hivyo kila neno. Mai ya sauti inayozama na kuinuka ni kununua. Mai ya sauti inayoporomoka ni kuuza. Nilimtangazia mwenye duka kwamba nimekuja kumuuzia mchele. Darasani Wajaluo na Wakikuyu walitushinda upesi sisi tuliokulia Kiswahili, maana lugha zao zina toni tayari.

Sasa tunazungumza kila Jumapili saa mbili usiku ya Nairobi, ambayo kwangu ni saa saba usiku. Desemba ile ya kwanza aliniona nimejifunika blanketi mbili. Majengo mengi ya Wuhan hayana mabomba ya kupasha joto kama yale ya Beijing, kwa kuwa mji uko kusini. Akauliza kama nimenunua koti. Nikamwambia bado, mama, pesa zimeisha.

"Afadhali umesema," akajibu, kisha akamwita baba.