Minyaa Bila Nyumba

Wajukuu, nani kati yenu amewahi kuingia Ikulu? Naona hakuna. Wengi wenu mtaniambia Ikulu iko Chamwino, Dodoma, ile iliyozinduliwa na Rais Samia tarehe 20 Mei 2023, na wachache mtaitaja ile ya zamani kule Magogoni, Dar es Salaam. Sawa. Lakini neno lenyewe halikuzaliwa Dodoma wala Dar es Salaam. Limetoka huku kwetu, kwa Wasukuma na ndugu zetu Wanyamwezi. Ikulu ilikuwa makazi ya ntemi, mtawala wa jadi. Hapa Bariadi, nchi ambayo wazee wanaiita Ntuzu mpaka leo, mtu aliyesema anakwenda ikulu alikuwa anakwenda kwa miguu, vumbi mpaka magotini, kushtaki jirani ambaye ng'ombe wake wamekula mtama.

Mwaka 1963 serikali iliondoa madaraka ya watemi. Neno likapanda cheo, likahamia mjini. Nyumba zikabaki huku, na nyingi zimeshaanguka. Ndiyo maana mkiniuliza, "Babu, nyumba gani ya zamani tukaione hapa Bariadi?" nakohoa kwanza.

Si kwamba wazee wetu hawakujua kujenga. Walijua sana. Tatizo ni mchwa.

Nyumba ya Msukuma wa zamani ilikuwa msonge, duara. Unachora mviringo chini, unasimika miti, unaifunga kwa fito na kamba za magome, unakandika udongo, kisha unapandisha paa la nyasi lenye ncha juu kama kofia. Nyasi zinashuka chini mpaka mtu mzima hawezi kuingia bila kuinama. Ndani kuna giza, na ukiingia kutoka juani unasimama kidogo mpaka macho yazoee. Upande mmoja wamelala ndama, upande mwingine kuna kitanda cha fito, katikati kuna mafiga. Moshi hauna dirisha la kutokea. Unapanda taratibu, unapenya kwenye nyasi, na kuzifanya nyeusi, zinang'aa kama zimepakwa mafuta.

Watoto wa siku hizi wakisikia habari za moshi huo wanasikitika: maskini, walikuwa wanakohoa. Ni kweli walikohoa. Lakini moshi huohuo ndio uliokuwa mlinzi wa nyumba. Wadudu hawakupenda kukaa kwenye nyasi zilizofukizwa kila siku. Moto ukizimika mwezi mmoja, miwili, mchwa wanaanza kupanda. Nyumba isiyopikiwa haichukui miaka mingi. Inainama, inakaa chini kama mzee aliyechoka, na mvua inamalizia.

Kinachobaki kinaitwa itongo. Ni mahali palipokuwa na mji wa watu, watu wakahama. Mkipita njia ya kwenda kisimani mtaona mduara wa minyaa imesimama peke yake porini, mirefu, haina kazi. Msidhani imejiotea. Wazee waliipanda iwe uzio wa mji, kwa sababu minyaa haina haja ya kumwagiliwa na ng'ombe haili, ule utomvu wake mweupe unaunguza. Uzio umebaki, nyumba haipo.

Matongo ya eneo hili mengi ni ya mwaka mmoja. Ulikuwa 1974, wakati wa Operesheni Vijiji. Kabla ya hapo kila ukoo ulikaa kwake, mbali na mwingine, katikati ya mashamba na malisho yake. Serikali ikasema watu wakae pamoja vijijini, wapate shule, maji na zahanati. Wengine walihama kwa hiari, wengine walihamishwa. Mimi nilikuwa darasa la pili. Nakumbuka paa letu likishushwa, nyasi zikitupwa, nguzo nzuri zikipakiwa kwenye mkokoteni. Nilifurahi, kwa sababu kijijini kulikuwa na watoto wengi wa kucheza nao. Mama hakusema kitu siku ile.

Alisema baadaye, na alisema kwa kuimba.

Ilikuwa mwaka uliofuata. Tulikwenda kutafuta kuni, tukapita kwenye itongo letu. Udongo wa kuta ulikuwa umeshayeyuka, umekuwa kichuguu. Majani yameota palepale nilipokuwa nalala. Mama akaenda moja kwa moja mpaka kwenye jiwe la kusagia. Lilikuwa zito, halikupakiwa kwenye mkokoteni. Lilikuwa limechimbika katikati kama bakuli, maana bibi yangu alisagia hapo, na mama yake bibi pia. Ndani ya lile bakuli kulikuwa na maji ya mvua na jani moja. Mama akayamwaga maji, akapangusa kwa kanga, akapiga magoti kama anayetaka kusaga. Hakuwa na mtama wala lile jiwe dogo la kushika mkononi. Akaanza kwenda mbele na kurudi nyuma, mikono mitupu, na wimbo ukamtoka.

Wimbo wa kusagia una mwendo wake. Pumzi inatoka mikono ikisukuma, inaingia ikirudi. Mwanamke anaimba habari za mji wake: ng'ombe fulani mwenye pembe zilizopinda, mkwe fulani mwenye maneno, mti fulani wenye kivuli. Mama aliimba vitu vya itongo lile, kimoja kimoja, kila kitu mahali pake: kihenge upande wa kushoto, zizi katikati, mlango wa bibi. Nikaviona vyote. Nikatembea katikati ya majani nikijua hapa ni mlangoni, hapa ni jikoni. Kwa urefu wa wimbo mmoja nyumba yetu ilisimama tena. Kisha akanyamaza, tukabeba kuni.

Ndiyo maana nawaambia kwamba huku kwetu nyumba nyingi za kutembelea ziko ndani ya nyimbo.

Msukuma anaimba karibu kila kazi. Vikundi vya kulima vilikuwa na bugobogobo, ile ngoma ya majembe, ambapo mtu anarusha jembe juu, linazunguka, analidaka bila kukosa mdundo. Wenye kukamata nyoka, bayeye, wana zao. Wapagazi wa karne ya 19, waliobeba pembe za ndovu kwa miguu kutoka bara mpaka Bagamoyo, walikuwa na zao pia. Mtunzi na kiongozi wa wimbo tunamwita ningi. Baada ya mavuno, Juni mpaka Agosti, makundi mawili makubwa, Bagika na Bagalu, yanapambana uwanjani. Hakuna refa. Watazamaji wakikukimbia wakaenda kwa mwenzako, umeshindwa, na kijiji kizima kimeona. Sijawahi kuona mtihani mgumu kuliko huo.

Na katika nyimbo za walio mbali, nyumbani kuna jina la upande. Sukuma maana yake ni kaskazini. Wanyamwezi ndio waliotuita hivyo kwa kuwa tuko kaskazini kwao. Kusini ni dakama, magharibi ng'weli, mashariki kiya, na sisi wa Bariadi ndio watu wa kiya. Mfugaji aliyehamia Rukwa, Katavi au bonde la Usangu na ng'ombe wake akitaka kuimba kwao, hana haja ya kutaja kijiji. Akitaja upande tu, wenzake wanageuza shingo.

Msidhani jambo hili ni letu peke yetu. Kule Marekani kuna muziki unaoitwa kantri, muziki wa watu wa mashamba, wa gitaa na fidla. Wazazi wenu wanamjua Dolly Parton hata kama hawajui Kiingereza vizuri. Ni yule mama wa nywele nyingi. Alizaliwa 1946 katika milima ya Tennessee, mmoja wa watoto 12, akakulia kwenye kibanda kidogo cha mbao. Alitunga wimbo kuhusu kibanda hicho, na albamu nzima ya mwaka 1973 ikabeba jina la wimbo huo. Alipopata fedha alifanya jambo ambalo ningi wetu hakuweza kulifanya: alikijenga kibanda upya. Si kile cha asili, ni mfano wake, katika bustani yake ya burudani inayoitwa Dollywood. Kaka yake ndiye aliyejenga, na mama yao akapanga vitu vya ndani kama alivyovikumbuka. Kuta zimebandikwa magazeti, kama maskini wa kule walivyozuia upepo. Nilipoona picha nilicheka, maana nyumba yetu ya kijijini baba aliibandika magazeti na kalenda za chama cha ushirika, na mimi nilijifunzia kusoma ukutani, kichwa nimekilaza upande, kwa sababu karatasi moja ilibandikwa vibaya.

Mwenzake, Loretta Lynn, aliyezaliwa 1932 Kentucky, alimwimba baba yake mchimba makaa ya mawe katika wimbo wa 1970. Watu wanasafiri kwenda kuona nyumba aliyokulia, kule bondeni. Kama wasingeusikia wimbo, nani angekwenda mpaka huko kuangalia vibao vya mbao?

Sasa turudi barabarani, maana najua mnataka safari na si maneno matupu.

Mkitoka Bariadi kwa gari, mnapita Nyakabindi na Dutwa, mnafika Lamadi, kwenye barabara kuu ya Mwanza na Musoma. Hapo mnashuka kununua samaki, halafu mnachagua mkono.

Mkono wa kushoto unapita Magu na kufika Kisesa, karibu na jiji la Mwanza. Kutoka Kisesa mnapanda kilima kidogo chenye mawe mpaka Bujora. Hapo padre Mkanada, David Clement, wa shirika la White Fathers, alianzisha Makumbusho ya Wasukuma mwaka 1968. Mimi huwa napita haraka kwenye mikuki. Nendeni kwenye msonge. Inameni muingie, simameni mpaka macho yazoee giza. Kuna nyumba ya mhunzi, kuna ya mganga, na kuna jengo la watemi lililojengwa kwa umbo la kiti cha enzi cha ntemi, kama vile jitu limeacha kigoda chake kilimani. Ndani yake kuna ngoma za watemi. Mkienda Juni, wakati wa Bulabo, mtawakuta Bagika na Bagalu wakishindana, na hapo msonge unaona watu wake.

Lawama yangu kwa Bujora ni moja tu: msonge ule ni msafi mno. Haunuki moshi.

Mkono wa kulia unapita Bunda na kwenda Butiama, mkoa wa Mara, alikozaliwa Mwalimu Nyerere mwaka 1922. Mtaambiwa mwende eneo linaloitwa Mwitongo. Sasa mmeshajua neno itongo, jina hilo litawafungukia lenyewe kabla mwongozaji hajasema. Mwalimu alikuwa mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki, na mama yake, Mgaya, alikuwa mke wa tano kati ya wake 22. Kila mke alikuwa na nyumba yake, kwa hiyo kwa Mwalimu "nyumbani" kulikuwa kijumba cha mama kabla hakujawa mji wa chifu. Alikwenda Tabora, Makerere na Edinburgh, akaongoza nchi kutoka Ikulu tangu ilipokuwa Jamhuri mpaka alipong'atuka 1985 (na kung'atuka ni neno la Kizanaki, alilileta yeye), kisha akarudi palepale. Amezikwa hapo, 1999. Kuna makumbusho, kuna nyumba, na kuna mawe makubwa aliyoyachezea alipokuwa mtoto mchunga mbuzi. Mkiwa na nafasi ndogo, kaeni kwenye mawe.

Na mwenye ndugu Dar es Salaam aombe apelekwe Kijiji cha Makumbusho, barabara ya Bagamoyo. Msonge mkubwa wa Wahaya upo hapo, tembe la Wagogo lipo, nyumba za makabila mbalimbali zimesimama jirani kama ambavyo hazikusimama popote nchini. Watu maelfu wanashuka kila siku kituo cha daladala cha Makumbusho bila kujua jina hilo lilianzia wapi.

Lakini Bujora ni safari ya kutwa, Butiama hali kadhalika, na nauli hamna. Itongo letu liko mwendo wa saa moja kwa miguu. Minyaa ipo. Jiwe lipo, mwaka jana nililiona, sasa limezama nusu. Mama yangu hayupo tena, na ule wimbo mimi naukumbuka nusu tu, sehemu ya zizi na kihenge. Kuanzia kwenye mlango wa bibi nimeusahau. Anayeukumbuka wote ni bibi yenu huyu aliyeko jikoni, kwa sababu aliolewa akaukuta mdomoni mwa mama mkwe wake.

Basi mkubwa wenu achukue simu ya shangazi, inarekodi vizuri. Msimwambie bibi aimbe, atakataa. Mpeni mtama na ungo, kaeni karibu, mnyamaze. Jumamosi tunakwenda kwenye itongo, na anayeweza kunionyesha mlango ulikuwa wapi atatangulia kuingia.