Mtaala huundwa Nairobi, ila lugha ya darasa huamuliwa shuleni

MTOTO wa Gredi ya Kwanza katika kisiwa cha Mfangano, Kaunti ya Homa Bay, hujifunza hesabu zile zile anazojifunza mwenzake wa Mandera au Kwale. Malengo ya somo ni yale yale, na vitabu vyao vimepitia kwa wakaguzi wale wale. Jambo moja linaloweza kutofautiana ni lugha ambayo mwalimu huitumia kumfundisha.

Jambo hilo ni miongoni mwa machache yaliyoachwa mikononi mwa shule yenyewe, na kwa jamii ya Wasuba si dogo. Ili kuelewa sababu, yafaa kwanza kufahamu ni nani huamua kinachofundishwa katika shule ya umma nchini Kenya, na mamlaka ya kaunti hukomea wapi.

Mipaka ya kaunti

Tangu serikali za kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013, baadhi ya wazazi wamekuwa wakidhani kwamba gavana ndiye mwenye shule, hivyo basi ndiye wa kulaumiwa mtaala usiporidhisha. Katiba ya 2010 yasema vingine. Jedwali lake la Nne limeipa serikali kuu sera ya elimu, viwango, mitaala na mitihani, pamoja na shule za msingi na za sekondari. Kaunti zimeachiwa elimu ya chekechea, vyuo vya kiufundi vya vijijini na vituo vya malezi ya watoto.

Hata katika chekechea, kaunti hujenga madarasa na kuajiri walimu, lakini mtaala unaofuatwa ni wa kitaifa.

Hali haikuwa tofauti sana zamani. Chini ya Sheria ya Elimu ya 1968, kila wilaya ilikuwa na Bodi ya Elimu ya Wilaya, na herufi DEB zingali kwenye majina ya shule nyingi katika iliyokuwa wilaya ya South Nyanza, ambayo leo ni kaunti za Homa Bay na Migori. Bodi hizo zilisimamia shule, ila hazikuandika mtaala.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 iliifuta sheria hiyo na kuunda Bodi za Elimu za Kaunti. Bodi hizi hufasiri sera za kitaifa kulingana na mahitaji ya kaunti na kufuatilia jinsi mtaala unavyotekelezwa. Haziruhusiwi kuongeza somo wala kuliondoa.

Safari ya mtaala

Kazi ya kuunda mtaala ni ya Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya (KICD), iliyopewa jina na mamlaka yake ya sasa na sheria ya 2013. Kabla ya hapo ilijulikana kama Taasisi ya Elimu ya Kenya (KIE). Taasisi hiyo huishauri serikali kuhusu mitaala, na hakuna kitabu cha kiada kinachopaswa kutumiwa shuleni kabla ya kukaguliwa na kuidhinishwa nayo.

Mtaala hupitia hatua kadhaa. Kwanza hufanywa uchunguzi wa mahitaji ya taifa. Kisha sera huandaliwa, na jopo la kila somo, lenye walimu na wataalamu, huandika miundo ya mafunzo. Miundo hiyo hujaribiwa katika shule chache, walimu hupewa mafunzo, ndipo mtaala usambazwe kote nchini na kuanza kufuatiliwa.

Mtaala wa umilisi, uliojulikana zaidi kwa herufi CBC, ulifuata njia hiyo. Uchunguzi wa mahitaji ulifanywa 2016, majaribio yakaanza 2017 katika shule 470, yaani 10 kwa kila kaunti, na utekelezaji kamili ukaanza Januari 2019. Mfumo wa 8-4-4, ulioanzishwa mwaka 1985, ukaanza kuondoka darasa baada ya darasa, na mtihani wa mwisho wa KCPE ukafanywa 2023.

Wakenya walipolalamika kwamba masomo ni mengi mno, Rais William Ruto aliteua jopokazi mwaka 2022 chini ya Profesa Raphael Munavu. Jopo hilo lilizuru kaunti likikusanya maoni, na baada ya ripoti yake ya 2023, masomo ya gredi tatu za kwanza yalipunguzwa kutoka tisa hadi saba. Ni ushahidi kwamba sauti ya mzazi inaweza kufika Nairobi, ingawa hufika kwa kuchelewa.

Miongoni mwa masomo saba yaliyobakia mna lugha za kiasili.

Lugha gani?

Sera kwamba mtoto afundishwe kwa lugha ya eneo lake katika madarasa ya chini si mpya. Ripoti ya tume ya Gachathi ya 1976 ilipendekeza hivyo, na mwongozo wa mtaala wa 2017 ukarudia: kuanzia chekechea hadi Gredi ya Tatu, mwalimu atumie lugha inayozungumzwa mahali shule ilipo. Serikali haikutoa orodha inayotaja lugha ya kila shule. Mwalimu mkuu, walimu wenzake na bodi ya usimamizi ndio hutazama watoto walio mbele yao na kuamua.

Katika sehemu kubwa ya Homa Bay, kuanzia Karachuonyo hadi Ndhiwa, uamuzi huo ni mwepesi kwa kuwa Dholuo ndiyo lugha ya nyumbani, sokoni na kanisani. Kule Kehancha katika Kaunti ya Migori, watoto huzungumza Kikuria. Mijini, ambako makabila yamechanganyika, Kiswahili huchukua nafasi.

Ugumu upo Mfangano, Rusinga na sehemu za Gwassi. Wenyeji wa huko ni Wasuba, ambao lugha yao ni ya Kibantu na asili yao ni ng'ambo ya Ziwa Victoria, upande wa Uganda. Kwa vizazi kadhaa wameoana na Waluo, wakafanya nao biashara, na wakasoma na kusali kwa Dholuo. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 150,000 waliojitambulisha kuwa Wasuba, lakini wengi wao huongea Dholuo. UNESCO imeiweka lugha ya Kisuba miongoni mwa lugha zilizo hatarini.

Hapo ndipo sera inapojikwaa. Mantiki ya kutumia lugha ya eneo ni kwamba mtoto huelewa kusoma na kuhesabu upesi akifundishwa kwa lugha anayotoka nayo nyumbani. Mtoto wa Kisuba anayetoka nyumbani na Dholuo hatasaidika kwa kufundishiwa hesabu kwa Kisuba. Lakini shule ikichagua Dholuo kwa kila jambo, inaidhinisha kupotea kwa lugha ya nyanya yake.

Ziko kazi mbili ambazo aghalabu huchanganywa. Lugha ya kufundishia ni chombo cha kumfikishia mtoto masomo mengine. Lugha kama somo ni maarifa yenyewe: nyimbo, hadithi, vitendawili, majina ya samaki na ya miti. Shule ya Mfangano yaweza kufundisha hesabu kwa Dholuo na bado ikatumia vipindi vya lugha za kiasili kufundisha Kisuba. Mtaala hauzuii jambo hilo.

Mikono mingine

Mtaala kutolizuia ni jambo moja, kuliwezesha ni jingine. Muundo wa somo la lugha za kiasili ni mmoja kwa lugha zote, na mwalimu ndiye hutakiwa kuujaza kwa lugha ya mahali pake. Mwalimu wa Dholuo ana vitabu vingi vya kuegemea. Mwenzake wa Kisuba ana vichache, licha ya juhudi zilizofanywa katika miaka ya 1990 za kuandika vitabu na kurejesha lugha hiyo madarasani.

Mwalimu naye haajiriwi na kaunti wala na shule, bali na Tume ya Huduma za Walimu (TSC), inayoweza kumtuma popote nchini. Sera ya kuwahamisha walimu mbali na kwao, iliyoanza 2018 na kulegezwa baadaye kufuatia malalamiko, ilionyesha jinsi uamuzi wa ofisi moja unavyoweza kuathiri somo linalotegemea mzawa wa mahali.

Kisha kuna mtihani. Baraza la Kitaifa la Mitihani (KNEC) halitahini lugha za kiasili katika tathmini ya Gredi ya Sita, na kisichotahiniwa ni rahisi kipindi chake kugeuzwa kuwa cha Kiingereza. Wazee hukumbusha kwamba mwacha mila ni mtumwa, lakini mzazi naye ana hesabu zake: anajua mwanawe atapimwa kwa lugha gani.

Nafasi ya mzazi

Hata hivyo, mzazi hana mikono mitupu. Katiba, katika kifungu cha 7, inaitaka serikali ikuze na kulinda lugha za Wakenya. Sheria ya Elimu ya Msingi nayo imewapa wazazi viti sita katika bodi ya usimamizi ya shule ya umma, idadi kubwa kuliko ya kundi jingine lolote kwenye bodi hiyo.

Bodi haiwezi kubadilisha mtaala. Inaweza kuuliza lugha gani inafundishwa katika vipindi vya lugha za kiasili, na kama vipindi hivyo hufanyika kweli. Inaweza kumwalika mzee anayekijua Kisuba asimulie hadithi darasani. Inaweza pia kuiandikia Bodi ya Elimu ya Kaunti ikitaka upungufu wa vitabu au walimu ufikishwe kwa KICD na TSC. Nje ya shule mfano upo: kituo cha redio cha jamii cha Ekialo Kiona, kilichoanzishwa Mfangano, kilichagua kutangaza kwa Kisuba bila kungoja agizo la yeyote.

Kwa mzazi wa Mfangano au Rusinga, siku ya kuanza kudai haki hiyo ni ile ya mkutano wa wazazi shuleni, na swali la kwanza kumuuliza mwalimu ni fupi: katika kipindi cha lugha za kiasili, watoto wetu hufundishwa nini?