Uwanja wa Mtaa ni Mali ya Familia

Mwezi wa Oktoba wakazi wa Eastlands huwa na sikukuu mbili za kutembea na watoto: tarehe 10, ambayo tangu 2024 ni Siku ya Mazingira, na tarehe 20, Siku ya Mashujaa. Kanada nako familia hukutana Jumatatu ya pili ya mwezi huo kushukuru kwa mavuno, majani ya miti yakipukutika. Kwetu yanayopukutika ni maua ya mijakaranda.

Siku hizo mimi na wanangu hupanda matatu hadi Uhuru Park, chapati zikiwa kikapuni. Huwaeleza kwamba mwaka 1989 bustani hiyo ilitengewa jumba la ghorofa 60. Wangari Maathai alipinga, akakejeliwa hata bungeni, lakini bustani ikanusurika.

Hata hivyo, nauli ya watu watano, kwenda na kurudi, humeza fedha za unga. Kwa hiyo mzazi wa Kaloleni au Jericho anahitaji uwanja karibu na mlango wake. Kila kipande cha ardhi ya umma kinachozungushiwa mabati usiku humpokonya matembezi ya bure, na watoto wakabaki kucheza barabarani.

Yafaa basi walimu wawatume wanafunzi wao, sikukuu hizi, wakachore ramani ya viwanja vilivyosalia mitaani mwao. Mwenda bure si mkaa bure. Na anayekijua kiwanja chake ndiye atakayekitetea.